Ombi Kwenye Mstari wa Kwanza

Mjukuu wangu Neema,

Hili sijamwambia mtu: napenda kubishana, ila kwa kalamu tu. Mdomo wangu una haya.

Nyumbani Muyama wote wazima, na ng'ombe wa mama amezaa. Najua unacheka bibi wa miaka kumi na tisa, lakini ndivyo ukoo ulivyotupanga.

Umeuliza insha ya kushawishi inaandikwaje. Hapa chuoni Kasulu niliandika yangu kuomba masomo yaanze saa mbili badala ya saa moja, kwani wasichana tunateka maji bondeni, tunachelewa, tunaadhibiwa. Niliomba kama tunavyoomba kwetu: salamu, mvua, maharage, kisha shida yenyewe wakati wa kuaga. Mwalimu akacheka.

"Binti, ukurasa wa tatu huu, bado unanisalimia tu. Unataka nini? Na hao wanaochelewa, umewauliza?"

Nikashuka bondeni na ndoo, nikawauliza mmoja mmoja. Mimi, ninayeona haya hata kuomba chumvi!

"Leo bubu kasema," wakanitania, halafu wakanieleza mengi nisiyoyajua. Nikaandika upya, ombi mbele, maneno yao yakifuata. Mjukuu wangu, sikulala kwa furaha.

Sasa mwalimu anamleta mkuu wa chuo anisikie nikiisoma. Nakuandikia hapa darasani, insha nimeifunika kwa barua yako hii. Nasikia viatu vyao barazani, vinakaribia mlango.

Basi, naifunua. Hata aliye mlangoni ataona mstari wa kwanza: Tunaomba masomo yaanze saa mbili.

Bibi yako,
Yasinta