Rafadha Iliyokatika Nyuma ya Karasha

Dada yangu mpendwa Kabula,

Kabla hujasoma zaidi, funga mlango. Nakusihi, neno la humu lisimfikie mama wala shemeji mpaka Jumamosi ipite. Ukishafunga, shikamoo. Mguu wa mama unaendeleaje? Hapo Nyahanga watoto hawajambo? Mimi mwili mzima. Roho ndiyo haitulii.

Zile ndege zangu za maboksi sijaziacha. Huku Geita naziunda jioni nyuma ya karasha, maana kelele za kusaga mawe humeza mlio wa mota. Rafadha ya dukani haikuinua ndege, nikachonga yangu kwa bomba la plastiki: mapanga matatu badala ya mawili, nikayapasha moto na kuyapinda zaidi. Panga moja lilizidi uzito. Niliona mota inatetemeka, nikasema nitalipunguza kesho, nikaongeza kasi. Likakatika, likaruka ng'ambo ya ukuta wa mabati.

Huko alikuwepo mlinzi wetu, mzee Lugwisha. Lilimpasua juu ya jicho. Nilipofika, watu walikuwa wanamwinua. Panga lilikuwa karibu na kiatu chake. Nikaliokota, nikalitia mfukoni.

Yeye alidhani ni jiwe. Kesho yake akaja ofisini na bandeji, akasema siku ile alizozana na Masanja, mchimbaji. Kitabu cha matukio naandika mimi, dada.

"Ng'wanawane, mwanangu, andika vizuri," akaniambia. "Mimi leo wa jicho moja."

Nikaandika: jiwe; anashukiwa Masanja.

Masanja alipoitwa alicheka. "Karani, jiwe lenye dhahabu nalitafuta mwaka wa tatu silipati, nitapata wapi la kumtupia babu?"

Hakuna aliyecheka naye. Sungusungu walisoma maandishi yangu, wakamtenga hadi kikao cha Jumamosi. Hasalimiwi, hapewi moto, nyumba yake haichotewi maji. Jana mkewe alikuja mlangoni kwangu na kopo, akaomba kaa moja. Nilimwambia sina, jiko likiwaka nyuma yangu. Akaliona. Akasema, "Haya, baba, asante," akaondoka.

Mzee atapona, jicho linaona. Lakini Jumamosi wanataka kumfukuza Masanja na watoto wake. Nitasimama na lile panga mkononi, niseme. Naogopa, dada. Kazi itaondoka, na huenda wakanitenga mimi.

Nisalimie mama, umwambie nina kazi nyingi tu. Msalimie shemeji fundi cherehani, na shangazi muuza mchele wa Kagongwa.

Simu yangu nitaizima kuanzia Ijumaa. Usipige ya ofisini. Jumapili ukiwa hujanisikia, panda gari la Geita, shuka kituo cha mwisho, uulize njia ya karasha zilizo mlimani. Ukifika getini usiulize karani. Sema unamtafuta mtu aliyemjeruhi mzee Lugwisha. Wakikutajia Masanja, ujue sikusema. Mfuate hata kama wameshamfukuza, umwambie wewe.

Mdogo wako,
Shija