Sufuria ya Mama na Kifuniko Chake

Uani kwa Baba,
Nyuma ya gereji,
Jumapili jioni, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu Msumari,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na mkeo na huyo mdogo anayeota meno. Hujambo? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya dume? Usiwe unatoka kwenye joto la mitambo ukaenda kusimama kwenye upepo bila koti. Najua utacheka. Cheka, lakini vaa.

Sisi tupo, kwa namna ya wafiwa. Tunakula, tunalala, tunaamka. Mlango wa jiko ukilia bado nageuka nikidhani ni Mama anaingia na kuni, kisha nakumbuka. Shangazi amekataa kurudi kwake mpaka Baba achangamke. Namshukuru sana, ingawa amehamisha kila kitu jikoni na siku hizi naitafuta chumvi kama niliyepoteza pete.

Barua yako tuliipata. Niliisoma peke yangu kwanza, nikalia nikamaliza, ndipo nikamsomea Baba na Shangazi. Usijitese kwa kukosa kumzika Mama. Hapa hakuna aliyekunyooshea kidole, na aliyetaka kunyoosha nilimtazama akakificha. Wala hukuomba vingi. Nguo zake hukuzitaka, kitanda hukukitaka. Uliomba kitu kimoja tu, ile sufuria yake nyeusi, tukuwekee mpaka utakapokuja.

Sasa mdogo wangu, kama unasoma umesimama, keti. Sufuria ile haipo. Baba ameiyeyusha.

Usikunje karatasi, nisikilize mpaka mwisho. Nakujua. Wewe ukinuna unanuna mwaka mzima, na wewe na Baba mlishanuniana vya kutosha tangu siku ile ulipomwambia hutaki kurithi tanuri lake, unakwenda kutafuta kazi ya kiwandani. Ndiyo maana naandika mimi. Yeye ameshindwa hata kuniambia niandike nini.

Unakumbuka jinsi Mama alivyoitetea ile sufuria. Sisi watoto wa fundi wa sufuria, mtaa mzima unapikia vyombo vyetu, na jikoni kwetu kuna sufuria nyeusi kama tako la nyani! Ndani iling'aa, nje hakuigusa. Alisema masizi yanashika moto upesi, na sufuria nyeupe ni ya kuonyeshea wageni. Baba aliisubu mwaka waliooana, ya kwanza kuimwaga mwenyewe bila kusaidiwa na bwana wake wa kazi. Mikono ya sufuria ilishang'oka zamani, kitako kilikuwa chembamba kama karatasi, na mwisho kikatoboka. Ukoko wa wali wa sufuria ile tuliupigania mimi na wewe, na wewe ulipendelewa. Hilo sijasahau.

Basi Shangazi aliposikia barua yako, aliona haya kwamba utakuja kukabidhiwa kitu cheusi vile. Hakumwambia mtu. Asubuhi moja alikaa bombani na mchanga na majivu, akaisugua nje mpaka ikawaka, ungedhani imetoka dukani. Akaifudikiza kwenye ukuta mfupi wa uani ikauke. Naye, masikini, hakujua kwamba ukuta ule ndipo wauza vyuma chakavu wanapobwaga mizigo yao.

Siku hiyo hiyo Baba aliwasha tanuri kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Msumari, tulifurahi jamani! Nilimwona anatafuta kofia yake nikasema afadhali, mzee anarudi. Unaijua kazi yake. Mtoto wa jicho amemzidi, kwa hiyo siku hizi anafanya kwa mkono na kwa sikio. Kwanza sumaku: kinachonata ni chuma, kinatupwa kwenye debe lake, kwa sababu moto wetu hauna ubavu wa kuyeyusha chuma. Kisichonata anakigonga kwa kijiko. Sufuria nzima inaimba, iliyopasuka inakohoa. Sufuria ya Mama angeijua kwa kuipapasa tu, ule ukoko wa masizi mgongoni. Lakini masizi hayakuwepo. Aliigonga, akasema "hii imechoka," akaikunja kwa nyundo, akaitia ndani pamoja na vipande vya injini vya watu wa gereji.

Jioni alinawa mikono akaja jikoni. Uso wake ulikuwa na nuru kidogo. Akasema, "Nipeni sufuria ya mama yenu. Nataka kuliziba lile tundu, Msumari akija aikute nzima."

Shangazi akamjibu kwamba ameshaiosha, ipo ukutani inakauka.

Baba alitoka akaupapasa ukuta wote, akarudi mikono mitupu. Juu ya rafu kilibaki kifuniko peke yake.

Baba hakulia. Ningependa angelia. Alikichukua kile kifuniko akakipakata, akakaa nacho mpaka chai ikapoa. Shangazi ndiye aliyelia kwa wote, akijipiga kifua na kusema ni mikono yake, ni mikono yake. Nilimwambia ajali haina kinga, lakini maneno hayo nayo yalikuwa matupu, niliyasema ili pasiwe kimya.

Sufuria zilizotokana na moto ule zilikwishapelekwa sokoni kwa mama muuza vyombo. Baba alimfuata. Alikuwa anaamka, anachukua kijiko chake, anaketi kibandani kwa yule mama na kugonga sufuria moja moja, ameinamisha sikio. Wateja walidhani ameajiriwa. Yule mama ana moyo, hakumfukuza, alimpa kigoda. Alipoacha kwenda nilimuuliza vipi, akasema zote zinalia sauti moja.

Mpwa wako ameanza kemia, yuko kidato cha kwanza. Usiku mmoja anajisomea kwa sauti kama anavyopenda, habari za kutenganisha michanganyiko. Mchanga na maji, unachuja. Chumvi na maji, unachemsha maji yaondoke. Unga wa chuma na salfa, unapitisha sumaku. Baba aliyekuwa anasinzia akainua kichwa akamuuliza, "Na alumini ndani ya alumini?" Mtoto akafunua kurasa, akaenda mpaka mwisho wa kitabu, akarudi mwanzo. Kisha akamwambia, "Hakuna, Babu. Ni kitu kimoja. Haijapotea, ila haijulikani ipo wapi." Baba akasema kumbe, akaenda kulala bila kula.

Nawe ulituandikia habari za ule mnara wenu wa kiwandani, jinsi mafuta ghafi yanavyochemshwa yakapanda kama mvuke, petroli ikachukuliwa juu, mafuta ya taa chini yake, halafu dizeli, na lami ikabaki chini kabisa. Barua ile Baba alinisomesha mara nyingi, ingawa mbele yako alijifanya kazi yako haimhusu. Ameniambia nikuulize kama huko kwenu wana mnara wa alumini. Jibu ninalijua. Nakuuliza kwa sababu nimetumwa.

Sasa hili la mwisho. Sufuria moja ya moto ule haikuuzwa. Mchanga wa kalibu ya kumiminia ulikuwa na unyevu, ikatoka na malengelenge, nikaitupa nyuma ya choo. Juzi Baba akaiulizia. Akawasha tanuri kwa mkaa mtupu. Oili chafu hakuitaka, na safari hii si kwa sababu ya fundi cherehani jirani anayelalamika moshi unachafua nguo za watu. Alisema Mama hakuipenda ile harufu. Akaiyeyusha ile peke yake, haikuchanganywa na kitu. Kalibu akaipima kwa kile kifuniko. Mimi nilimshika kiwiko, akamimina.

Ilipopoa niliisugua, nikaleta kifuniko. Mdomo umepinda upande mmoja. Kifuniko hakikai, kinacheza.

Akaniuliza, "Kimekaa?" Shangazi akanitazama. Nikasema, "Kimekaa, Baba." Akanyoosha kidole akakigusa, kikalia kwa sauti tukakisikia sote. Na masikio yake unayajua. Akasema, "Haya." Akazima moto, akaning'iniza kijiko kwenye msumari, na tangu hapo tanuri lina majivu baridi.

Mdogo wangu, Baba anaisha. Simu ikilia anatoka nje, akijua huenda ni wewe. Ukikata tu, anarudi na kuuliza, "Msumari amesemaje?" Sina la kumjibu, kwa kuwa ulikuwa hujui. Sasa unajua. Kama una hasira, nitukane mimi, nina ngozi ngumu. Lakini yeye mpigie. Niambie nimpe simu kwa nguvu, nitamfuata huko huko uani. Mama hatujui yumo kiasi gani katika sufuria hii, pengine kijiko, pengine tone. Baba ndiye aliyebaki mzima, na hatuna mwingine.

Shangazi anakusalimu na anaomba umsamehe, ameniambia niandike hivyo kwa herufi kubwa, nimekataa. Shemeji yako anakusalimu. Mpwa wako anauliza kama huo mnara wenu una ngazi na kama umewahi kuupanda. Msalimie wifi, mbusu mtoto, mwambie bibi yake alimngojea sana.

Mungu akulinde katika moto wa huko kama alivyotulinda na wa hapa, na akulete salama.

Siku utakayokuja, Baba atakukabidhi sufuria hiyo kwa mikono yake. Ifunike mbele yake. Kifuniko kitalia, na atakuuliza kama kimekaa. Tafadhali, Msumari, sema kimekaa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinuna,

Dada Mkubwa