Oili Chafu Chini ya Sitaha

Kiboko. Jumanne, mwezi wa nane.

Tangu asubuhi ni upepo tu, ule wa mwezi wa nane unaotia vumbi mpaka ndani ya chai. Mke wangu aliniletea kikombe hukohuko nje, akakiweka juu ya ndoo. Sasa ni saa kumi na moja jioni na chai bado iko palepale. Sijala kitu. Sina hamu.

Naandika hapa mtandaoni kwa sababu humu hakuna anayenijua, na majina nitakayoyataja si yetu. Nina mashua uani. Mashua ya tanga, hapa Kiboko kando ya barabara ya Mombasa, mahali ambapo maji ya kunywa tunanunua kwa mtungi. Kanisani wananiita Nuhu. Mchungaji mwenyewe aliniuliza kama kuna jambo Mungu ameniambia mimi ambalo yeye hajaambiwa.

Mwenye mashua ni mzee wa Kilifi ambaye nilimfahamu nikifanya kazi ya kutengeneza mashua kule pwani. Nilikaa huko miaka kumi na moja. Niliporudi nyumbani, alipendelea kuipandisha kwenye lori inifuate kuliko kumpa fundi mwingine. Tena hewa yetu ni kavu, na ugonjwa wa mashua yake ulikuwa unyevu.

Sitaha ya mashua kama hii ni kama sendwichi. Juu kuna faiba, ile plastiki ngumu ya nyuzi za kioo, chini kuna faiba, na katikati mbao. Maji yakipata tundu moja la skrubu, yanaingia na kuozesha mbao huku juu pakibaki pazuri kabisa. Unakuja kugundua siku unapokanyaga na pakabonyea. Dawa yake ni kufungua faiba ya juu, kukwangua mbao iliyooza, kulaza mpya kwa gundi, kisha kufunika tena.

Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya miaka mitatu iliyopita pamoja na Mutua, mdogo wangu. Nilikata vipande arobaini na moja vya plaiwudi, nikaviandika namba kwa penseli, nikaenda Nairobi siku mbili kutafuta gundi. Niliporudi, Mutua alichanganya gundi akavilaza, nami nikafunika. Baba alikuwa akiishi nasi, mama akiwa ameshatutoka. Alikaa kwenye kiti chake akitutazama mpaka tukamaliza.

Mashua ikarudi Kilifi. Haikumaliza mwaka. Mzee akanipigia simu kwamba sitaha inalia ikikanyagwa, inacheza kama jino la mtoto.

Nilijua wa kulaumu ni nani. Sikujiuliza hata mara moja.

Nilimwita Mutua pale getini, mbele ya mafundi wenzangu na wateja wawili, nikamwambia amepima dawa ya kugandisha gundi kwa macho. Akasema, "Kioko, mimi nilipima na kikombe. Kila saa nilipima." Nikamjibu kwamba mkono wake ni wa kusonga ugali, si wa kuchanganya gundi. Watu wakacheka sana. Yeye hakucheka. Kesho yake alifunga vitu vyake akaenda Mwingi, na mpaka leo anatengeneza bodi za malori huko.

Baba alifariki mwanzoni mwa mwaka huu. Tulimzika kwetu Zombe. Mutua alikuja akasimama upande wa pili wa kaburi. Mimi ndiye kifungua mimba, mimi ndiye niliyeandika ratiba ya mazishi, na jina la Mutua sikuliweka kati ya watakaosema neno. Shangazi aliponiuliza nilimwambia ni kwa sababu ya muda. Muda ulikuwepo. Mpaka kwaya iliimba nyimbo mbili zaidi.

Naona aibu hata kuyaandika hayo.

Wiki iliyopita mashua ilirudishwa kwangu kwa lori, na leo nimefungua sitaha. Nilipitisha grainda pembeni, nikaweka tindo, nikainua. Faiba ya juu ilitoka na mbao zake zote kwa pamoja, bila kubishana, kama ukoko wa ugali unavyoachana na sufuria. Nilitarajia kukuta gundi mbichi, ile inayonata kwa sababu dawa haikutosha. Gundi ilikuwa ngumu kama jiwe. Mutua alikuwa amepima.

Nikageuza mbao. Upande wa chini ulikuwa mweusi, na ule weusi ulikuwa na mistari ya brashi. Nikanusa. Oili chafu, ile ya gari, inayomwagwa gereji ikishatumika.

Nikakaa chini palepale.

Baba alikuwa fundi wa milango na vitanda sokoni Zombe kabla mimi sijazaliwa. Kwetu, fundi anayemkabidhi mteja nguzo au mguu wa kitanda bila kuupaka oili chafu ni mwizi, maana mchwa wa Kitui hawachagui kitanda cha tajiri wala cha maskini. Mutua na mimi tulikua tukinusa harufu hiyo kwenye shati lake. Siku zile mbili nilizokuwa Nairobi, na Mutua akiwa amekwenda kununua msasa au kutembea, sijui, Baba alichukua vipande vyangu arobaini na moja akavipaka kimoja kimoja, upande ambao alijua utakaa chini. Akavifuta kwa kitambaa, akavianika, akavipanga kwa namba zilezile. Plaiwudi yenyewe ni ya kahawia, kwa hivyo oili iliyofutwa haikutushtua. Na harufu ya gundi ikishaanza huna pua tena.

Gundi haishiki mahali penye mafuta. Fundi wa pwani hawezi kukosea hivyo, wala wa Nairobi. Kosa hili ni la kwetu kabisa, na lilifanywa kwa upendo, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Nilimpigia Mutua saa saba. Alishika mara ya tatu.

"Mutua, ni oili," nikasema.

Nilisikia mtu akigonga bati nyuma yake. "Umefungua?"

"Nimefungua."

"Basi umejionea."

Alikuwa anajua. Aliniambia kwamba jioni ile ya siku niliyomfokea, Baba alimwita akamuuliza mbona ninapiga kelele, na zile mbao yeye alishazipaka oili vizuri, haziwezi kuharibika. "Alikuwa ameshangaa tu, Kioko. Alikuwa anajivunia ile kazi. Sasa ningemwambia nini? Angejua ni yeye, hangelala tena."

Nikamwambia asante.

"Usinishukuru. Sikunyamaza kwa ajili yako," akasema. "Na usianze kutangaza huko. Usimtaje mzee. Wacha apumzike." Nikamwomba arudi tufanye kazi. Akasema yeye ako na kazi. Akakata.

Nimezunguka mashua hii mchana kutwa nikitafuta njia. Nilimwaibisha mdogo wangu mbele ya watu, kwa hivyo lazima nimsafishe mbele ya watu. Lakini nikisema ni oili, kila mtu hapa anajua ni nani alikuwa akiishi kwangu na alitoka wapi. Watacheka tena, safari hii wamcheke Baba akiwa kaburini. Nikinyamaza, Mutua anabaki yule asiyejua kupima. Ameubeba mzigo huu miaka miwili, na ndani ya hiyo miwili nilimnyima nafasi ya kumuaga baba yetu.

Nimelia kidogo, nyuma ya mashua, ambapo mke wangu hawezi kuona. Nadhani ameona.

Halafu nimekumbuka jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Asubuhi ile nilipokuwa nikikata vipande, Baba aliinuka kwenye kiti akaja, akashika kimoja, akakipima uzito mkononi. Akaniuliza mbao hizi zinatakiwa zifanyiwe nini kabla ya kulazwa. Swali la fundi. Ningemweleza kwa dakika mbili kwamba zinatakiwa ziwe kavu na tupu, angeelewa haraka kuliko wanafunzi wote niliowahi kuwafundisha. Mimi nilikuwa na haraka ya basi. Nikachukua kile kipande mkononi mwake, nikamwambia, "Baba, wewe kaa tu. Hii si kazi ya vitanda."

Akarudi kukaa.

Kesho asubuhi nitawaita walewale waliocheka, tusimame pale getini, niwaambie Mutua alipima sawasawa na aliyeharibu sitaha ile ni mimi. Mzee wa Kilifi nitamwambia hivyohivyo kwa simu. Halafu nitapanda gari kwenda Mwingi, anifungulie au asinifungulie. Wakiniuliza niliiharibu vipi, nitawajibu kwamba kuna swali niliulizwa na sikulijibu.

Na hapo sitakuwa nimedanganya mtu.