Wimbo Wangu na Mchumba wa Dada Zuhura

Jumanne. Joto la Tabora leo halina hata upepo, na tangu nirudi kutoka Ipuli kwa dada yangu sijatulia. Naandika ili nitulie.

Wiki iliyopita mtangazaji wa redio alinipigia simu. Mwimbaji wa bendi ya zamani ya hapa mtaani kwetu Ng'ambo amefariki, na mwanawe amekuta sandukuni karatasi za nyimbo zenye mwandiko na jina langu. "Bibi Tatu," akasema, "kumbe zile roki na twisti walizocheza wazee wetu ulizitunga wewe?"

Nikasema ndiyo. Karibu miaka sitini nimelingoja swali hilo. Kesho saa nne asubuhi nilitakiwa studio.

Nilikuwa msichana wa cherehani, na baba yangu mtu wa msikitini. Vijana wa bendi walileta mashati yashonwe. Niliyarudisha na karatasi ya maneno mfukoni. Wao waliweka magitaa. Nyumbani hakuna aliyejua.

Wimbo uliopendwa kuliko zote ndio unaonitisha.

Dada yangu Zuhura alikuwa na mchumba, Ramadhani, fundi wa reli. Alihamishiwa Kaliua, na kutoka huko akamwandikia dada barua kwamba asimngoje. Dada alinisomea barua ile jikoni huku analia. Nikaigeuza wimbo, karibu neno kwa neno. Haukupita muda, mji mzima ukawa unaucheza.

Dada akaamini Ramadhani ndiye aliyewasimulia wanamuziki, ili watu wamcheke.

Mwaka uliofuata Ramadhani alirudi kuomba radhi. Alitaka posa iendelee. Dada akamfukuza pale pale mlangoni. Mwanamume yule aliapa hakumwambia mtu yeyote. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nasikia kila neno.

Nilinyamaza.

Nilijiambia namwogopa baba, na kweli nilimwogopa. Lakini pia nilitaka wimbo wangu uendelee kupigwa.

Leo nimekwenda kumwambia dada kabla hajausikia ukweli redioni. Nilimkuta barazani anapepeta mchele. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nami nikabaki nimesimama kama mgeni. Kisha nikasema yote kwa pumzi moja.

Ungo ukatulia mikononi mwake.

"Aliapa kwa Mungu," akasema. "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya pazia, dada."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

Maisha yangu yote sijawahi kumwogopa Zuhura. Leo nimemwogopa kwa sababu hakufoka. Alirudi kupepeta mchele wake mpaka ukaisha, akaufunika, ndipo akaniangalia. Ramadhani alizikwa Kaliua miaka mingi iliyopita. Habari za msiba zilitufikia, na dada alikataa kwenda.

"Kesho asubuhi tunakwenda kaburini kwake," akasema. "Mimi nina radhi ya kumwomba. Na wewe unayo yako."

Hakunikaribisha kukaa. Hakunisindikiza.

Nilipofika nyumbani nilimpigia mtangazaji kumwambia sitafika. Amenisihi sana: "Bibi, watu wamekwisha kutangaziwa." Nimemjibu kwamba wimbo ule una mwenyewe, na mpaka aniruhusu, sina la kusema. Amekata simu, nadhani akihisi uzee umenizidi.

Basi la Kaliua huondoka mapema. Nimeshatoa kanga ya kujitanda na viatu vya kutembelea makaburini, na bado naogopa kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Kaburi siliogopi. Naogopa njia: saa zote zile bega kwa bega na dada yangu, bila pazia la kujifichia. Ataniuliza kwa nini sikutoka siku ile nikasema neno moja tu.

Nimtajie baba, ambaye hayupo tena kunikanusha, au nimtajie ile sababu nyingine?