Malkia na Wadudu wa Ziwani

Jumanne usiku, Musoma

Kwa mara ya kwanza macho yake yote mawili yalikuwa yanatazama upande mmoja. Malkia huyu mpanda joka, kisanamu changu cha udongo kisichozidi kidole gumba kwa urefu, nimekuwa nikimpaka rangi, nikifuta na kurudia tangu Krismasi. Leo jioni nikampaka vanishi, nikamwacha mezani akauke, nikaenda kuoga.

Niliporudi, Mama Neema alikuwa amefungua dirisha na taa inawaka. Wale wadudu wadogo wa ziwani walikuwa wameingia kama moshi na kunasa kwenye vanishi.

"Mke wangu, dirisha!"

"Baba Neema, harufu ya dawa yako inaumiza kichwa. Si nafunguaga kila siku?"

Ni kweli, anafunguaga. Sasa nimkasirikie nani?

Nimewatoa kwa sindano, mmoja mmoja. Umebaki ubawa mmoja, chini ya jicho la kushoto. Nikiuvuta, rangi ya jicho inabanduka nao. Nimeuacha.

Mama Neema akaja, akainama kumtazama kwenye mwanga.

"Maskini. Mbona umemliza?"

Nilimfinyanga akicheka.