Baba, Mzigo Haukuwa Katikati

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Hali yako sikuulizi, kwa sababu bibi hunieleza kila akipiga simu kutoka huko kijijini: unalima, unakula kidogo, na hutaki mtu akutajie mtaa wetu wa Bunju. Mimi nataka kukutajia Bunju. Simu zangu hupokei, kwa hiyo nimeandika, na barua nimeiacha wazi ili na watu wa mtaani waisome. Unajua sauti yangu inavyopotea mbele za watu. Kwenye karatasi haipotei.

Nina hasira, baba. Nina hasira na mwenyekiti wa mtaa, na fundi aliyekuja baada yako, na wewe pia. Wewe nitakufikia.

Unakumbuka ulipokubali kujenga daraja la chuma juu ya korongo, ili sisi wanafunzi tuache kuvua viatu kila mvua ikinyesha? Watu walikujua kwa mageti na grili za madirisha. Wewe ukakaa kwenye kibanda chako cha kuchomelea wiki nzima unachora. Nilikuwa kidato cha pili. Uliunga vijiti vya kuchomelea ukatengeneza kenchi ndogo ya mezani, ile fremu ya kubebea daraja, yenye vyumba vitano, kila chumba na kijiti chake kilicholala mshazari. Ukanipa kufuli la kibanda liwe mzigo. Nikaliweka katikati na kuliacha hapo, maana nilidhani katikati ndiko kubaya kuliko kote. Ulicheka mpaka ukavua miwani.

"We mama, nani anavuka daraja kwa kusimama? Litembeze!"

Nikalitembeza taratibu, na wewe ukaweka kidole kwenye kijiti cha mshazari cha chumba cha katikati ukawa unanisomea kama daktari anayepima mapigo ya moyo. Hapa kinavutwa. Hapa kimepumzika. Hapa sasa kinasukumwa. Kisha ukaniambia niweke kidole changu. Sikusikia kitu chochote. Nilidanganya kwamba nimesikia, kwa sababu ulikuwa na furaha sana.

Sasa niko kidato cha sita, na sihitaji tena kudanganya. Kwenye kabati la maktaba yetu nimepata kitabu cha zamani cha uhandisi, kina sura nzima juu ya jambo lako lile. Kitabu ni cha Kiingereza. Mchoro wake mimi nimeuita mstari wa athari. Unachagua chuma kimoja tu, halafu unautembeza mzigo kutoka mwanzo wa daraja hadi mwisho, na kwa kila hatua unaandika chuma hicho kimepata nguvu kiasi gani. Ukiunganisha nukta zako unapata mchoro. Nimeuchora wa chuma cha katikati mara sita, kwa sababu mara tano za mwanzo nilitafuta mahali ulipokosea. Hukukosea. Mzigo ukiwa katikati kabisa, au ukitandazwa sawasawa daraja zima, chuma kile hakina nguvu hata chembe. Mchoro unakata sifuri. Lakini mzigo ukisimama kwenye ukingo mmoja wa chumba kile, mbili ya tano ya uzito wote inategemea vyuma viwili vya mshazari vya katikati, kimoja kila upande wa daraja. Ukivuka hadi ukingo wa pili, ni mbili ya tano ile ile, ila vilivyokuwa vinavutwa sasa vinasukumwa. Chuma ambacho kwa dakika moja hakifanyi kitu, dakika inayofuata ndicho kinachomshikilia mtu.

Nayaandika haya ili watu wajue kilichofanyika siku ile ulipokuwa Mwenge kwenye kazi ya grili. Bajaji zilikuwa zimeanza kupita darajani, na kamati ya mtaa ikataka nguzo mbili za kuzizuia. Chuma cha nguzo hizo hakikuwepo. Ndipo walipomwita yule fundi. Nilikuwa natoka shule, nikasimama na wenzangu kutazama. Walipanga mifuko ya mchanga katikati ya daraja. Daraja likatulia. Fundi akagonga chuma cha mshazari cha katikati kwa nyundo, kikalia kama kengele.

"Hiki kimekaa bure tu, hakibebi kitu. Cha upande wa pili vilevile."

Mwenyekiti akapanda juu ya mifuko, akaruka mara mbili. "Si mnaona? Hata mie na kitambi changu!" Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akamwambia ashuke kabla suruali haijachanika. Wakavikata vyuma vyote viwili, wakavisimamisha mdomoni mwa daraja viwe nguzo za kulilinda. Baba, walilivunja mfupa daraja ili walipatie walinzi! Na mimi nilikuwa pale nimekumbatia begi langu, najua kwamba kuna kitu si sawa, na sikufungua mdomo.

Jioni uliporudi ulikwenda kwa mwenyekiti. Nilikufuata nyuma. Ulimwambia avirudishe vile vyuma, ukamwambia hivyo mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Akakujibu, "Fundi, si bado limesimama?" Ukasema haya. Tukarudi nyumbani.

Lilisimama kweli, kwa sababu watu wasiobeba kitu si mzigo mkubwa. Mpaka asubuhi moja Kaka Salumu wa mtaani kwetu alipoingia na mkokoteni wa matofali. Hakufika katikati. Alipofika pale chumba cha katikati kinapoanzia, chumba kile kikalala upande kama boksi lililokanyagwa, yeye na matofali wakaenda korongoni. Mguu wake ulivunjika mahali pawili. Hadi leo anatembelea magongo, na akiniona ananisalimia kwanza, jambo linaloniumiza kuliko kama angenitukana.

Halafu ule mkutano kando ya korongo. "Umechomelea daraja kama unaunga geti la kuku!" alisema mwenyekiti, na watu wakacheka. Nilikusubiri useme. Ulisimama, ukashika kofia yako kwa mikono miwili, ukasema, "Kama kosa ni langu, naomba radhi kwa Salumu na kwa wote." Basi. Vyuma viwili vilikuwa vimesimama hatua chache kutoka mahali ulipokuwa, vimepakwa rangi nyekundu na nyeupe, na hukunyoosha hata kidole. Siku mbili baadaye ulipanda basi la kusini. Kwenye kitabu cha kumbukumbu cha ofisi ya mtaa wameandika uzembe wa fundi. Nimeyaona maneno hayo kwa macho yangu.

Nimeyaona kwa sababu wiki iliyopita nilikwenda ofisini peke yangu, na mchoro wangu. Nilisikia wanajenga upya. Juu ya meza kulikuwa na ramani ya daraja jipya: vyumba vitano, na cha katikati hakina chuma cha mshazari, kwa kuwa, alisema mwenyekiti, ilishajulikana kuwa pale hakina kazi. Nikamwonyesha mstari wangu, nikamwonyesha sifuri iko wapi na mbili ya tano ziko wapi. Nilikuwa nasema kwa kigugumizi. Akanirudishia karatasi.

"Mwanangu, hesabu za shule zibaki shule. Usome, upate vyeti. Baba yako mwenyewe alikubali kosa, wewe unakataa nini?"

Hilo ndilo jibu walilonipa, baba. Walikutumia wewe. Radhi yako ndiyo wanayojengea.

Yule fundi alikuwepo, ameketi kwenye benchi. Aliichukua karatasi kutoka mkononi mwangu akaiangalia kwa muda mrefu. Akaweka kidole kwenye mchoro, akakisogeza kidogo kidogo hadi mwisho. Akanirudishia. Jioni alikuja nyumbani, akasimama nje ya geti.

"Nilikuelewa palepale, mdogo wangu. Ila nikisema, mkono uliokata ni wangu."

Nikamwambia nitaliandika hilo, kila mtu alisome. Akasema, "Andika. Mie mdomo sina. Lakini baba yako akisimama mbele yangu akaniuliza, siwezi kumdanganya fundi mwenzangu."

Sasa nimekufikia wewe. Kwa muda mrefu nilidhani ukimya wako ni heshima. Niliwaambia hivyo hata rafiki zangu. Si heshima. Mtu anayebeba kosa lisilo lake analificha kosa lenyewe lisionekane, na kosa lililofichwa linajengwa tena. Jumatatu ijayo wanaanza kuchomelea. Watoto wa darasa la kwanza watapita hapo, na siku moja mtu atapita na mkokoteni nyuma yao. Ulinifundisha kuutembeza mzigo hadi mwisho. Kwa nini wako umeuacha njiani?

Mkutano wa mtaa ni Jumapili, saa kumi, uwanja wa shule. Basi la Jumamosi linakuwahisha. Njoo na kofia yako, njoo hata ukiwa umekasirika kwamba nimeandika. Muulize yule fundi swali moja tu, kama vyuma alivyokata vilikuwa na kazi, mbele ya watu, wala si kwa sauti ya kuomba chumvi.

Usipokuja, nitasimama mimi. Nimeshamwomba katibu aandike jina langu kwenye orodha ya wasemaji, na ameandika kwa kalamu ya wino. Najua nitatetemeka na watu watacheka. Nitamngoja wa mwisho anyamaze, halafu nitaanza kusema.

Msalimie bibi.

Binti yako, anayekukasirikia na kukungoja.