Pumzi ya Ubeti wa Tatu

Ifakara

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu wako umetulia na baba amemaliza kupalilia maharage. Mimi mzima. Huku mvua zimeanza, majaruba ya mpunga yamejaa maji na mbu hawatuachi.

Uliniuliza kwenye simu kazi ya studio ni kazi gani hasa, nikashindwa kueleza. Ngoja nikusimulie ya wiki iliyopita.

Ilikuja kwaya kutoka Malinyi na kinanda cha umeme cha marehemu mwalimu wao, Baba Kilian. Nyimbo zake alizipiga mwenyewe, kwa sauti za ngoma, besi na filimbi, akazihifadhi humo humo ndani ya kinanda. Sasa kimechakaa, kinajizima chenyewe. Mjane wake, Mama Kilian, ndiye anayeongoza sauti ya kwanza. Aliniambia, "Mwanangu, hiki kikifa na nyimbo zimekwenda. Zitoe."

Nikaunganisha nyaya, nikarekodi. Vyombo vyote vikaingia kwenye kompyuta katika mstari mmoja, vimeshikana kama wali uliozidi maji. Akina mama walipojaribu kuimba, besi ilizifunika sauti zao, na nikiipunguza, kila kitu kinapungua nayo. Nikaamua kurekodi chombo kimoja kimoja, vingine nimevinyamazisha, kila kimoja mstari wake. Ili vilingane, nikakipanga kinanda kifuate mwendo wa kompyuta. Vikalingana barabara. Nikafurahi.

Kwaya ilipoimba wimbo wa kwanza juu ya vyombo hivyo, ubeti wa tatu ukawashinda. Wote waliishiwa pumzi mahali pamoja. Tukarudia, ikawa vile vile. Nikabadilisha nyaya, nikazima kompyuta na kuiwasha, nikakagua kila mpangilio. Sikuona kosa.

Mama Kilian akavua hedifoni. "Huyu siye yeye," akasema.

"Ni yeye, mama. Sijagusa noti hata moja."

"Noti ni zake. Lakini hapa alikuwa ananisubiri. Mimi nina pumu. Akifika hapa anapunguza mwendo, navuta pumzi, ndipo tunaendelea."

Nikakiacha kinanda kipige kwa mwendo wake chenyewe. Kweli, mama, ubeti wa tatu ulipungua kidogo, kidogo sana, kisha ukashika tena. Baba Kilian aliuweka hivyo kwa makusudi. Kompyuta inakwenda mwendo mmoja tu, na mimi nilipokilazimisha kinanda kiifuate, nikawa nimemfuta.

Tukaanza upya. Safari hii kinanda hakikufuata kitu. Kila nilipoanza chombo kipya niliacha ule mlio wa kijiti cha ngoma unaohesabia wimbo pale mwanzoni, ili baadaye niipange mistari yote ianzie hapo. Katikati ya filimbi kinanda kikajizima. Nikakiwasha tena upesi. Kilipowaka, wimbo ulikuwa bado upo.

Besi ilipolia peke yake, Mama Kilian aliniomba nisiizime. Aliisikiliza mpaka mwisho, kidole kikigonga goti.

"Niwekee hii kwenye simu," akasema. "Besi tu. Kuimba nitaimba mwenyewe."

Kisha kwaya ikaimba, na ubeti wa tatu ukapita. Kwenye rekodi anasikika akivuta pumzi. Huwa tunazikata sauti za namna hiyo. Hii nimeiacha.

Tangu siku hiyo nawaza mambo mengi. Nawakumbuka ninyi wawili mkitoka kanisani. Baba, mwenye miguu mirefu vile, husimama kwenye mteremko kufunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka, mpaka umfikie. Nilikuwa nadhani viatu ndivyo vibaya.

Nisalimie kaka Elia na ng'ombe wake, shangazi mshona nguo, na bibi, umwambie kitenge chake nimekipata. Msalimie baba kipekee. Haya ya viatu usimwambie, asije akaona haya akaanza kutangulia.

Ni mimi mwanao, nakukumbuka sana,
Neema